Wimbo Nilioimbiwa Mlimani

Mimi ni mtu wa Kariakoo, na Kariakoo ni bapa kama sinia. Ukisimama mlangoni kwako unaona mlango wa jirani, na jirani akisimama kwake anaona wako, basi. Kabla ya safari hii ninayotaka kuisimulia, mahali pa juu kabisa nilipopata kufika palikuwa ni ghorofani kwa Mhindi mmoja, nilikokuwa nikimpelekea mkewe vitumbua asubuhi. Nikishafika juu ya ngazi nilikuwa nasimama kidogo, nikijifanya napumua, kumbe natazama mapaa. Mapaa ya makuti, mapaa ya madebe, na kwa mbali kipande cha bahari. Nikidhani nimeona dunia.

Zilikuwa siku za Mwingereza. Vita vya kwanza vilikwisha, vya pili havijaja. Nilikuwa mke wa mtu, mume wangu ni fundi cherehani aliyeshona barazani mwa duka la kitambaa. Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, ua wa makuti, na nyuma ya ua huo aliishi shoga yangu, wakati huo hajaolewa bado.

Nikisema shoga sisemi mtu wa kuazimana naye chumvi tu. Yule na mimi tulitiwa ndani siku moja. Kwetu Wazaramo, msichana akivunja ungo hufungiwa ndani afundwe, na sisi tulifungiwa chumba kimoja, tukalala mkeka mmoja, tukachekea na kulilia mambo yale yale. Tulipotolewa nje kuchezwa, watu walisema wale si wawili, ni mmoja aliyekatwa katikati.

Yeye Mungu alimpa sauti. Mimi sauti yangu ni ya chura, lakini nilipewa maneno. Na katika mji wetu siku hizo vitu viwili hivyo vilikuwa na kazi, maana kulikuwa na lelemama. Lelemama ni ngoma ya akina mama: mnajipanga mstari, mmevaa kanga sare, mnacheza kwa mabega na mikono, taratibu, na nyimbo zenyewe ni mafumbo. Kila chama kina wapinzani wake, na wimbo hutungwa ili uwachome. Usipokuwa na mtunzi hodari, mnachomwa nyinyi. Chama chetu kilinitegemea mimi kwa kutunga na shoga yangu kwa kuimba. Nilikuwa namnong'oneza ubeti mmoja sikioni, yeye anautoa, na wanawake wanapiga vigelegele mpaka waume wanatoka vibarazani.

Mara moja, baada ya harusi mtaa wa Gerezani, bibi harusi alinitunza kanga mpya mimi peke yangu, akisema, "Mtunzi, leo umetumaliza." Shoga yangu akacheka, akasema, "Na aliyeimba alikuwa mdomo tu?" Nikacheka na mimi. Tukaichana ile kanga pande mbili, tukagawana.

Sasa lazima niseme jambo nililokuwa nalo, bila hilo hadithi haieleweki.

Nilikaa na mume wangu miaka mingi bila ya mtoto. Mimba zilishika, zikatoka. Baadaye hazikushika tena. Mume wangu hakunisema, na mama yake alikwisha kufa, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kunisimanga. Lakini pale kwenye kona ya chumba, ndani ya kikapu, nilikuwa na mwana hiti. Ni kijisanamu cha mti, urefu wa kiganja, hakina mikono wala miguu, kina kichwa chenye vishungi viwili. Mwali anapokuwa ndani hupewa akitunze kama mtoto, akiogeshe, akipake mafuta, ili uzazi wake usikauke. Mwali akitoka, hurudisha kwa shangazi. Changu shangazi yangu alifariki kabla sijakirudisha, kikabaki kwangu.

Nilianza kukitunza tena, mimi mke wa mtu. Mume wangu alipokwenda msikitini alfajiri, nilikaa nyuma ya jiko la uani, nikakiogesha kwa maji ya uvuguvugu, nikakipaka mafuta ya nazi, nikakifunga kitambaa. Wakati mwingine nilikiimbia. Niliposikia mume wangu anakohoa njiani akirudi, nilikuwa nakiambia, "Nyamaza mwanangu, baba asisikie," kisha nakirudisha kikapuni. Nilijua ni mti. Sikuwa na wazimu. Lakini mtu ana mikono, na mikono hutaka kushika.

Asubuhi moja shoga yangu aliingia uani kuomba kaa la moto, akanikuta. Niliona haya nusura nife. Alikaa chini pembeni yangu, akakipokea kile kimwana, akakipakata, akakiimbia kwa ile sauti yake, polepole, mpaka mume wangu akakohoa. Siku ile nilimpenda kuliko ninavyoweza kueleza. Tangu hapo nikawa namwambia yote: namna ninavyokisemesha, namna ninavyoogopa kukivunja. Hakuna mwingine aliyejua. Nasema hakuna.

Mwaka uliofuata shoga yangu alikwenda Morogoro kwa mjomba wake, mfanyakazi wa reli. Alikaa huko mwezi wa mfungo wote na siku za Idi. Aliporudi alikuja na mwaliko. Kule Morogoro nako kulikuwa na chama cha lelemama, na wanawake wake wanatuita. Si kwa ugomvi, kwa urafiki. Watatulisha, watatulaza, na watatupandisha mlimani.

"Mlimani kuna nini?" nikamuuliza.

"Kuna mahali Wajerumani walipajenga pa kukaa na kutazama," akasema. "Kutazama tu. Unaiona nchi yote chini kama umetandikiwa. Mimi sikufika, lakini nimeambiwa. Nikasema lazima nije nawe."

Maneno yale, "lazima nije nawe," niliyatembeza rohoni wiki nzima.

Mkubwa wa chama chetu alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye cheko la kwikwi, aliyetuongoza kwa ukali na tukampenda hivyo hivyo. Alituombea ruhusa kwa waume zetu mmoja mmoja. Mume wangu alinishonea blauzi ya safari, akaniambia, "Ukifika huko juu utazame kwa niaba yangu." Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tulipanda gari moshi asubuhi, daraja la tatu, tukiwa na mafurushi na vyombo vya ngoma. Tulipopita Pugu nilisema, "Huu ndio mlima?" na watu wa Morogoro waliokuwa ndani wakacheka. Ruvu tukaona mto mpana. Baada ya hapo nchi ikawa kavu, miti mifupi, na wanawake wengi walisinzia. Shoga yangu alinilalia begani. Alasiri nikaona mbele yetu wingu jeusi kubwa, nikamwambia mkubwa wa chama, "Mama, kule mvua." Shoga yangu akafungua macho, akasema, "Si mvua. Ndiyo Uluguru hiyo."

Sikupata kujua kwamba ardhi inaweza kusimama hivyo.

Wenyeji walitupokea stesheni kwa vigelegele. Kiongozi wao alikuwa mwanamke mwembamba, mchangamfu, mume wake akiwa mlinzi wa nyumba ya mapumziko ya Wazungu huko huko mlimani. Msitu ule ulikuwa wa serikali. Haikuruhusiwa kuokota hata ukuni. Lakini Wazungu hawakuwapo siku zile, na yule mlinzi alikwisha kumwomba ruhusa mkubwa wa misitu, akaambiwa wanawake wapande ila wasikate kitu wala wasiwashe moto.

Tukapanda kesho yake. Mwanzo njia ilipita katika migomba na vibanda vya Waluguru, na maji yalitiririka kila mahali, maji ya bure, baridi, hata mtu wa Kariakoo aliyezoea foleni ya bomba alitaka kulia. Wanawake wa Kiluguru walikuwa wakishuka na mizigo ya ndizi na mboga vichwani, wanatembea kama wanateleza, na sisi tulijibana ukingoni kuwapisha. Tulivua mabuibui tukayafunga viunoni. Mkubwa wa chama alikaa chini kila baada ya kona. "Mniache hapa hapa," akawa anasema, "mkirudi mtanikuta nimekwisha kuolewa na nyani." Shoga yangu alinishika mkono penye utelezi. Aliponyoosha mkono nilikuwa naushika bila kutazama, kama mtu anavyoshika kitasa cha mlango wake.

Juu tukatokea pa wazi. Palikuwa na nyumba ya mawe, imefungwa, na mbele yake mwamba bapa unaochomoza, na juu ya mwamba kiti kirefu cha mawe kilichojengwa kutazama bondeni. Hakuna kingine. Nilikwenda hadi kwenye kiti, nikasimama.

Nimejaribu mara nyingi kuwaambia watu nilichoona, na kila mara nashindwa. Mji wa Morogoro ulikuwa mdogo, unaweza kuufunika kwa ungo. Mashamba ya mkonge yalikuwa mistari, mistari, kama kitambaa cha mume wangu kabla hajakikata. Reli ilikuwa uzi. Na baada ya hapo nchi ikaendelea, ikaendelea, kijani ikawa kijivu, kijivu ikawa buluu, mpaka sikujua wapi ardhi imekwisha na wapi mbingu imeanza. Mwewe alikuwa anaruka chini yetu. Niliona mgongo wake. Mimi niliyezoea kuona tumbo la mwewe, nikaona mgongo.

Wanawake wote walinyamaza, jambo ambalo halikupata kutokea katika chama chetu. Kisha mmoja akauliza Dar es Salaam iko upande gani, na kila mtu akanyoosha kidole kwake.

Nilikaa kwenye kile kiti na shoga yangu. Nikamwambia, "Ahsante kwa kunileta." Nikamwambia pia kwamba huku juu hata lile jambo langu naliona dogo. Alinitazama, akataka kusema kitu, kisha akasema tu, "Kula kwanza. Chakula kinapoa."

Tulikula ndizi za kupikwa na kuku, vilivyopandishwa vichwani na wenyeji tangu chini. Tulipokwisha kunawa, wenyeji wakajipanga mstari mbele ya ile nyumba ya mawe. Yule mwembamba akasema, "Wageni wetu, mmetuletea jina kubwa la Kariakoo. Na sisi tusiwe bubu. Tuna wimbo mmoja, ndio tunaoupenda kuliko zote. Usikilizeni, kisha nanyi mtujibu."

Wakaanza. Sauti nzuri, za pamoja, zilizozoeana. Nilikaa sawasawa kusikiliza kama fundi anavyosikiliza kazi ya fundi mwenzake.

*Nimemwona mama, mama hana mwana,*
*Ana mwana mti, ampaka uto,*
*Amfunga kanga, ambembeleza:*
*Nyamaza mwanangu, baba 'sisikie.*

Na kiitikio, wote pamoja, wakipiga makofi:

*Mti haunyonyi, mti haulii!*

Ubeti wa kwanza ulipokwisha nilikuwa bado natabasamu. Uso una uvivu wake, haubadiliki upesi. Wanawake wetu walikuwa wanacheka, mmoja akapiga paja, "Ah, huyo kapatikana!" Ubeti wa pili ulitaja jiko la uani. Wa tatu ulitaja kikapu. Kila walipofika kwenye kiitikio walipiga makofi, na makofi yale yaligonga mwamba yakarudi.

Nilimtazama shoga yangu. Alikuwa anatazama bondeni.

Nikawa bado namtafutia mlango wa kutokea. Nikasema moyoni, labda ni kisa cha mwanamke mwingine, kwani Waluguru nao wana mwana hiti, labda huku pia kuna mke asiyezaa. Lakini "Nyamaza mwanangu, baba asisikie" hakuna aliyeyasema maneno hayo ila mimi, na hakuna aliyeyasikia ila yeye.

Wimbo ulipokwisha, mkubwa wa chama chetu akapiga kigelegele, akauliza, "Nani mtunzi wenu, jamani? Huyu tumshike mkono."

Yule mwembamba akacheka kwa furaha. Hakuwa na ubaya wowote, mpaka leo namwondolea lawama. Akasema, "Mnatuuliza sisi? Si huyo hapo, mwimbaji wenu! Alituachia siku za Idi. Hakuwaambia?"

Wenzangu wakamgeukia shoga yangu kwa mshangao na vicheko. "Wee! Kumbe unatunga! Na siku zote umejificha!" Mmoja akamkumbatia. Akakubali kukumbatiwa. Na katika uso wake, nilimwona, pamoja na woga mlikuwa na furaha. Alikuwa mtu anayepongezwa kwa mara ya kwanza.

Mkubwa wa chama akapiga makofi. "Haya, tusiaibike. Mtunzi wetu, tupe majibu."

Wote wakanitazama. Ndiyo ilikuwa kazi yangu: nimnong'oneze shoga yangu ubeti, autoe. Akanijia kwa mazoea, akainamisha sikio karibu na mdomo wangu kama siku zote. Niliona kipuli chake, niliona jasho shingoni. Nikamnong'oneza, lakini si ubeti.

"Umenipandisha mpaka huku nije nijisikilize?"

"Sikujua watauimba leo," akajibu kwa kunong'ona. "Wallahi sikujua. Niliwaambia wasiuimbe mbele yenu."

"Mbele yetu. Kwingine je?"

Akasema, "Sikukutaja jina."

"Jina langu ndilo hilo ulilolitaja."

Watu wakadhani tunatunga. Mmoja akasema, "Waacheni, inakuja kali hiyo." Shoga yangu akanishika kifundo cha mkono. Macho yalikuwa yamejaa maji, lakini alichosema hakikuwa cha kuomba radhi.

"Miaka yote hii naimba maneno yako," akasema. "Yako, yako, yako. Usiku nalala nayo mdomoni. Nilitaka niimbe langu hata moja. Nikitafuta ndani sikuti kitu. Kitu pekee kilichowahi kunichoma moyo ni kukuona wewe asubuhi ile. Basi nikaimba hicho."

"Hicho hakikuwa chako."

"Nilikibembeleza na mimi," akasema.

Ningeweza kumjibu wimbo. Maneno yalikuwapo, yalinijia yenyewe, makali, ya kumvua nguo mbele ya vyama viwili, na kwa desturi yetu angelazimika kuyaimba kwa mdomo wake mwenyewe. Lakini nilijua kwamba nikijibu, kila mtu atajua wimbo ule ni wa nani. Na jambo lililonivunja zaidi, nalisema kweli, ni kwamba wimbo ulikuwa mzuri. Mimi ni fundi, najua. Ule mstari wa nne ulikuwa umekaa mahali pake kama jino. Angenitungia mtu mwingine wimbo mbaya ningemcheka. Huyu alichukua alfajiri zangu akazishona vizuri kuliko ambavyo ningezishona mimi.

Nikamwambia mkubwa wa chama, "Sina, mama."

"Huna nini?"

"Sina jibu. Wametushinda."

Chama chetu hakikupata kushindwa kwa kunyamaza. Wenzangu waliguna. Wenyeji walipiga vigelegele, wakaturushia maua waliyoyachuma kwenye mashamba ya chini, wakatushika mikono kwa upendo. Nilikaa tena kwenye kile kiti cha mawe. Nchi ilikuwa pale pale, uzi wa reli pale pale. Nikatazama kwa niaba ya mume wangu, kama alivyoniomba, wala sikuona kitu.

Tulipokuwa tunashuka nilikwenda nyuma peke yangu. Penye utelezi nilijishikia mizizi. Mara moja shoga yangu aligeuka akaninyooshea mkono, nikapita pembeni, nikaanguka, nikachubuka goti, nikainuka mwenyewe.

Siku ya kurudi hakuja stesheni. Aliagiza kwamba mjomba wake hajisikii vizuri, atabaki amuuguze. Ndani ya gari moshi mkubwa wa chama alikaa mbele yangu, akanitazama goti, akanitazama uso. Hakuwa mjinga. Tulipopita Ngerengere akasema kwa sauti ndogo, "Ni wewe?"

Nikaitika kwa kichwa.

Akavuta pumzi ndefu. Akanishika mkono, akaupapasa. Kisha akasema, kama mtu aliyeshindwa kujizuia, "Lakini wimbo ni mzuri, mwanangu. Mungu anisamehe." Nikageukia dirishani.

Nilidhani utabaki huko milimani. Ujinga. Wimbo mzuri hauna stesheni yake. Wenzangu waliorudi nao waliuimba wakipika, bila kujua, na yule aliyejua hakuweza kuwakataza bila kueleza sababu. Haikupita miezi mingi ukawa unaimbwa harusini Ilala, Gerezani, mpaka Kigamboni. Nilisimama kwenye foleni ya bomba nikasikia binti mdogo anauimba akitikisa ndoo. *Mti haunyonyi.* Sauti yake safi kabisa. Nikamsaidia kujitwika.

Kisha ukafika barazani, kwenye cherehani.

Mume wangu alirudi mapema siku hiyo. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, akaniita, akaniambia kuna wanawake walikuja kununua kitambaa wakawa wanaimba, na wimbo una mambo ya mwana hiti, na jiko la uani, na mume anayetoka alfajiri.

"Nilicheka," akasema. "Nilicheka na watu wote. Kisha nikaacha kucheka."

Nikaweka chini ungo niliokuwa napepetea.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

Nilimngoja akasirike kwa ajili ya mti. Hakukasirika kwa ajili ya mti. Aliniuliza, "Shoga yako alijua tangu lini?" Nikamwambia. Akahesabu moyoni, nikamwona midomo inacheza. Akasema, "Mimi nalala ubavuni mwako. Mimi ndiye baba asiyetakiwa kusikia. Ukampa mtu wa nyuma ya ua, mimi nimekuja kuletewa na wateja."

"Niliona haya," nikasema.

"Haya ya nini kwangu? Unadhani sikutaka kushika mtoto?"

Hilo sikupata kulifikiria hata siku moja. Miaka yote niliuona ukame ule kuwa wangu peke yangu. Nilitaka kumshika, akainuka, akasema anakwenda kuswali, na bado ilikuwa mapema kwa swala yoyote.

Hatukuachana. Watu wanaosikia kisa hiki hutaka kujua hilo kwanza. Lakini kwa muda mrefu, mwaka na zaidi, alipokuwa anarudi nyumbani alikohoa mbali kabisa, tangu kwenye kona ya mtaa, akakohoa tena mlangoni, akasimama kidogo nje kama mgeni anayebisha hodi. Nilimwomba aache. Akasema, "Sitaki kukukatiza." Hakusema kwa dhihaka. Ndiyo maana iliuma.

Kimwana chenyewe nilikipeleka kwa dada yangu, binti yake alipofikia umri. Kilikuwa haki yake. Baadaye tulimlea mtoto wa kike wa marehemu shemeji yangu, tangu akiwa na miaka minne, na huyo ndiye aliyetuzoesha tena kuongea mimi na mume wangu, kwa sababu mtoto hajui kununa kwa wakubwa, hupeleka maneno huku na huku kama posta.

Kutunga niliacha. Sikuapa. Nilijaribu mara mbili tatu, kila neno zuri lililonijia nilijiuliza, hili ni la nani, limetoka moyoni mwa nani, na aliyenalo ameniruhusu? Chama kikatafuta mtunzi mwingine. Hakikudumu.

Shoga yangu aliolewa Morogoro na mtu wa reli, akaingia katika kile chama cha huko, akawa mkubwa wao. Hakuniletea salamu, wala mimi sikumpelekea. Tulikutana mara moja, miaka mingi baadaye, vita vya pili vikiwa vimekaribia, pale Feri samaki wanapopigwa mnada. Nilikuwa nachagua samaki, changu. Mtu akasimama karibu yangu, nikamtambua kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kusema.

"Hujambo, mwenzangu," akasema.

"Sijambo."

Alikuwa amenenepa, meno ya mbele yamepungua. Tulinunua samaki wetu, na kwa kuwa njia ni moja tukatembea pamoja. Tukaulizana wazima na wafu. Mkubwa wetu wa chama alikwisha kufa. Shoga yangu hakuwa na habari, akasimama njiani akalia kidogo. Tukaendelea. Karibu na sokoni akaniambia amekuja kumwoza binti yake, harusi iko kwa shemeji yake, Msimbazi.

"Nimetunga nyimbo nyingi baada ya ule," akasema. "Nyingi sana. Hakuna hata mmoja unaoimbwa."

Nikahamisha kapu la samaki mkono wa pili.

"Njoo harusini. Nitungie kitu cha binti yangu. Beti mbili tu. Nitaimba mwenyewe."

Nilimtazama. Nilimtafuta ndani ya uso ule yule msichana wa mkeka mmoja, na alikuwapo, ndilo balaa lenyewe, alikuwapo mzima. Nikamwambia, "Situngi siku hizi."

"Hata kwangu?"

"Hasa kwako."

Akainamisha kichwa, akasema, "Haya." Tulikuwa tumefika mahali njia zinapoachana. Nilimpa mkono, akaushika mno, nikauvuta polepole. Nilipokuwa nimekwenda hatua chache akaniita kwa jina letu la siku zile za kufungiwa ndani, ambalo hakuna aliye hai anayelijua ila yeye. Sikugeuka. Jua lilikuwa kali, samaki wangeharibika, na nyumbani walikuwa wananingoja na jiko limewaka.